Orodha Maridadi Iliyokinyima Kijiji Maji

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo dereva wetu wa lori la maji, Salat, atafukuzwa kazi na mwenye kosa ni mimi. Ni karani wa ofisi ya misaada hapa Wajir, na katika kompyuta yetu kila kijiji kina faili lake, lakini ukiiamuru ionyeshe mafaili, majina yalikuwa yakipita mbio, kila moja na mistari yake ya tarehe, mpaka mkubwa wangu akawa analalamika kizunguzungu, basi nikatunga amri yangu mwenyewe, faili lililofunguliwa karibuni likae juu, orodha ikatwe kioo cha kompyuta kikijaa, na juu kabisa nikapamba mistari miwili ya nyota na jina langu katikati, nikasifiwa sana, na kila asubuhi nikawa namsomea Salat vijiji vya kupelekewa maji, nisijue kwamba vijiji ni ishirini na tatu na kioo kinaonyesha ishirini na viwili, na kile cha mwisho, kwa kuwa hakuna mtu wake aliyekuja kulalamika faili likafunguliwa, hakipandi tena. Juzi mama mmoja, Hamda, alitembea siku mbili kutoka ng'ambo ya Hadado, mbuzi wake wamekwisha, akasema, "Sisi hakuna kelele tulibiga, wallahi. Tulijua mmetuandika." Mkubwa akasema kompyuta haisahau, basi Salat ameuza maji. Nikanyamaza. Nifanyeje? Jina langu usilichapishe.

Karani Mwenye Majuto, Wajir

Karani,

Silichapishi, ingawa nimecheka: kwenye kioo ulilitundika kati ya nyota, gazetini unataka listiriwe. Ungeliondoa hilo jina na nyota zake, kijiji kingepata nafasi. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe, wewe hukunitajia.

Kukosea nakusamehe. Kunyamaza sikusamehe. Umebuni ofisi ambamo anayekuja kugonga meza anapanda juu, na mwenye adabu anayengoja kwake anashuka mpaka anatoweka, kisha mnasema mashine haisahau. Mashine ilikutii wewe. Na njia ya mwongo ni fupi, bwana mdogo. Fundi yeyote ataiona amri yako.

Usingoje Alhamisi. Kesho ingia kwa mkubwa, Salat akiwepo, fungua orodha ya zamani, ile mbaya, mhesabu vijiji kwa sauti. Ukifukuzwa, ni haki yako. Usipofukuzwa, acha majina yapite mbio, na mwenye kizunguzungu akae chini. Kisha panda lori la kwanza pamoja na Salat, asiposema nawe njia nzima vumilia, mkifika ushike mpira wa maji wewe mwenyewe, na akina mama wakiuliza kilichowapata, waeleze kwa Kisomali, polepole, jinsi orodha yako ilivyokuwa ikipendeza.