Niligusa Clavier, Lawama Ikamwangukia Mkwe

Mama Laetitia mpendwa,

Nakuandikia nikiwa jikoni na mlango nimeurudishia, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na majina uyabadilishe tafadhali, maana hapa Nyamitaba radio yenu inasikilizwa hadi mashambani, ingawa mume wangu akishasikia habari anazima, mambo ya ndoa za watu anasema ni kelele.

Mume wangu Straton ni direkta wa shule ya msingi, na binti yetu mkubwa Nishimwe amepata mchumba, Albert, kijana wa Hombo aliyesoma naye Goma, mpole, fundi wa mashine, sisi sote tulimpenda isipokuwa Straton, ambaye alisema atampenda akishamwona kazini. Katika ukoo wa mume wangu, zamani kijana akija kuposa alipewa kipande cha shamba alime siku moja, na baba wa msichana anakaa pembeni anaangalia anavyoshika jembe, kama anapumzika mno, kama anaacha magugu ukingoni. Basi Straton badala ya jembe akamletea ordinateur yake, kompyuta ile yenye bulletins, yaani ripoti za alama za wanafunzi, iliyoingiwa na virusi vya clé USB ya mwalimu mmoja mpaka ukiiwasha unaweza kuchambua maharage ya chakula cha watu kumi ndipo ifunguke. Akaiweka mezani, akasema, "Njo shamba yako hii. Lima."

Na Albert alilima, Mama. Alikaa sebuleni tangu asubuhi, waya kwenye betri ya sola, akahifadhi kwanza kazi zote za Straton pembeni, akafuta kila kitu, akaiweka mashine upya kama iliyotoka dukani, kisha akaanza kupanga kimoja kimoja, programu ya kuandikia, ya kusomea barua za wizara, ya kusikilizia nyimbo, dawa ya virusi, printa, akaikataza isijisasishe yenyewe na kumaliza mega za intaneti, akakuza herufi kwa sababu aliona Straton anasoma amekunja uso, saa akaiweka ya Lubumbashi maana ilikuwa inafuata Kinshasa, na kwenye kioo akaweka picha ya ng'ombe wetu wakiwa mlimani. Mwishoni Straton akajiwekea mwenyewe mot de passe, lile neno la siri, akitafuta herufi moja moja kwa kidole, sisi tumegeuza uso. Nilimchungulia, alikuwa anatabasamu. Nikajua harusi ipo.

Sasa kosa langu. Kabla sijaolewa nilikuwa dactylo paroasini, mpiga chapa wa mapadri, miaka minne napiga mashine bila kuangalia vidole, na nyumbani humu hakuna anayekumbuka hilo, hata mimi nilikuwa karibu kulisahau. Albert alipomaliza kazi akaniuliza, "Mama, na weye uko unajua kuandika?" Nikasema zamani. Akainuka kwenye kiti akanipa, akanifungulia dossier yangu, akaiandika jina langu, akaniambia niweke humo nyimbo za kwaya ya wamama. Mama Laetitia, tangu niingie katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kunipa kiti kile. Lakini vidole vikanitia aibu, natafuta a inatoka q, natafuta z inatoka w, kwa sababu clavier ya ordinateur ile, vile vibonyezo vya herufi, ni ya Kiingereza na mimi mapadri walinifundisha ya Kifaransa, na sikutaka kumwambia kijana wa watu kwamba kazi yake hainifai, nikasema iko muzuri, asante.

Kesho yake Albert ameshashika njia ya Hombo, Straton ameiacha ordinateur wazi ametoka kusalimiana na jirani, nami nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta hadi nikaona mahali pa clavier, nikachagua Kifaransa, na vidole vikakimbia. Niliandika nyimbo tatu nzima, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukuficha. Kisha nikafunga kifuniko nikaenda kumenya viazi.

Straton aliporudi akaandika neno lake la siri, ordinateur ikakataa. Mara tano, mara kumi. Akasema kijana amefanya kazi ya kuonyesha macho tu. Albert alipopiga simu, mume wangu hakutaka kuipokea, akanipa mimi, akasimama palepale karibu, na Albert akaniuliza kwa upole, "Mama, kuko mutu aligusa mu clavier?" Nami nikamjibu, "Hapana, mwana wangu. Hakuna mwenye aligusa."

Ni wiki mbili sasa. Wazazi wake walikuwa waje Jumamosi na mbuzi wa kwanza wa mahari, mbuzi wenyewe wameshachaguliwa, lakini Straton anataka waambiwe wabaki kwao, anasema, "Kama kazi ya siku moya inamushinda, bibi wa maisha yote atamuweza namna gani?" Nishimwe anasukuma chakula kwenye sahani tu. Bulletins ziko ndani na muhula unaisha. Nikisema kweli, mume wangu atajua nimemdanganya yeye na kijana kwa mdomo mmoja, nikinyamaza mtoto wangu anakosa mume mwema, na kama unajua dawa ya mashine hii basi niambie tu, niiponye kimya kimya, maneno yaishe.

Dactylo wa zamani, Nyamitaba

*

Dactylo wa zamani,

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini hizo ordinateur zenye picha ya ng'ombe huko kwenu ni ngapi? Leo ni Jumatano. Ikifika kesho sokoni, wanawake wenzako watakuwa wanakupa pole. Kwa hiyo nisikilize vizuri, na upesi.

Kwanza pole. Hapo pa kiti nimesoma mara mbili, nikaiweka barua chini. Mwanamke mwenye kazi mikononi mwake anakaa miaka yote hiyo bila kuulizwa, siku anaulizwa, ataachaje kuonja? Kutaka clavier uliyoizoea si dhambi. Kila anayetumia mashine anaipanga imfae, ndiyo maana mumeo amekuziwa herufi. Ungesema siku ileile, Albert angeipanga ukiwa bado hujainuka.

Sasa nakugombeza, na usinune. Kijana mmoja tu ndiye aliyekuona katika nyumba hiyo, naye ndiye uliyemtupia mzigo. Umemwita mwana wangu katika pumzi ileile uliyomdanganyia. Hilo limenikera kuliko mengine yote.

Kuhusu mashine, nimemuuliza Noël, anayetunza ordinateur za hapa radioni. Alicheka mpaka akatafuta pa kuweka kikombe chake. Hakuna kilichoharibika. Mumeo anaandika kwa kuangalia: anabonyeza palipoandikwa a, ordinateur inapokea q, anabonyeza namba, zinatoka alama nyingine. Na kwa kuwa neno la siri linaonyesha vitone tu, haoni kinachoingia. Neno lake ni lilelile alilochagua. Chini ya kioo, pembeni kulia, kuna herufi tatu, FRA. Unabonyeza hapo, unachagua ENG, mumeo anaandika kama alivyozoea, inafunguka. Hata maji ya ugali hayajaanza kuchemka.

Najua unachowaza. Utangoja Straton atoke, utabonyeza hapo, akirudi atajaribu, itafunguka, atasema Mungu ni mkubwa, nawe utaitikia amina. Usithubutu. Ukifanya hivyo mumeo atakuwa na ordinateur nzima na mkwe mbovu. Siku balbu ya Nishimwe itakapoungua huko Hombo, Straton atasema, si nilijua, ni yuleyule wa mashine. Kijana atabeba hilo hadi awe na wajukuu, na wewe utakuwa unakula pilau kwenye harusi yake. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na yako imeshafika mwisho wake.

Fanya hivi. Habari zimeisha, mumeo ameshazima radio yake, una nafasi. Mfuate alipo, muwe wawili, watoto wasiwepo. Usianze na habari za miaka ya paroasini. Mwambie, "Papa Nishimwe, ni miye niligusa clavier, na nilidanganya." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki yake, wewe kaa papo hapo, usijibu, usikimbilie jikoni. Akitulia, umweleze sasa kwa nini uligusa. Mweleze na kiti. Nadhani hilo halijui, na mtu mzima anayejua kukunja uso kwa kusoma anaweza pia kukunja uso kwa kufikiri.

Ordinateur usiiguse. Hata kama nimekufundisha, iache. Palizi ya shamba lile ni ya Albert, amalizie mwenyewe kwa simu, mumeo akisikiliza, na kidole cha kubonyeza kiwe cha mumeo. Hapo atamwona kazini kwa mara ya pili. Ikishafunguka, umwombe Albert mchana kweupe akufungulie mlango wako ndani ya mashine ile, wenye jina lako, neno lako la siri na clavier yako ya Kifaransa. Noël anasema watu wawili wanakaa humo bila kukanyagana. Kisha kaa kwenye kiti uandike ujumbe wa kuwaambia watu wa Hombo kwamba Jumamosi mnawangoja, tena uandike bila kuangalia vidole, Straton akiwa amesimama nyuma yako.

Yote hayo yanaanzia kwenye simu moja. Kijana alikuuliza swali la fundi, na lilikuwa ndilo swali lenyewe. Ungemjibu, ordinateur ingefunguka siku ileile na mwanao angekuwa anakula. Kwa hiyo ukimpigia usimzungushe kwa salamu ndefu. Mwombe akuulize tena.

Mama Laetitia