Treni ya Kisumu na Jicho la Mama

Ishiara,
12 Septemba 2021

Mpendwa ndugu yangu Munyi,

Pokea salamu za nyumbani. Mkeo Celina hajambo? Na Ciakuthii mdogo, kile kikohozi kiliisha? Sisi tu wazima, ila mvua imetusahau. Mawele tulivuna kidogo, tukashukuru.

Juzi redio ilisema wanapanga kufufua ile treni ya usiku ya Nairobi hadi Kisumu. Mama alikuwa akipepeta mawele. Aliweka uteo chini. Jioni nikamkuta ameshakoroga unga kwenye kibuyu, eti uji uanze kuchacha mapema, kwa sababu hawezi kwenda kumwona wajina wake, huyo Ciakuthii wako, mikono mitupu. Nikamweleza ni mipango tu, reli yenyewe bado ina magugu. Akanijibu kwamba hata uji una siku zake. Basi tunaunywa sisi, na kila ukiisha anaanza mwingine.

Unajua basi la kutoka Nairobi hadi huko kwenu Kisumu Mama haliwezi, goti halikunjiki. Lakini treni ina kitanda! Amenisimulia vile alivyomfuata Baba huko mwaka wa sabini na nne, Baba akiwa kibarua wa bandari, mpaka sasa mimi ndiye ninayeota. Shuka nyeupe, blanketi zito, mtu akipita na kengele ndogo kuwaita watu wakale. Anasema behewa lilimbembeleza, nyota zikawa zinatembea dirishani, na alipoamka ziwa lilikuwa pale, jeupe kama maziwa. Hata mimi na kichwa changu kigumu, nakoroga githeri huku roho iko Naivasha, ndani ya hiyo treni.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu Mama husikia kila kitu. Daktari wa macho ametuambia jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linafifia. Hakuna dawa. Jana Mama aliniuliza, "Ednah, hili jicho litaingoja hiyo treni?"

Nikasema litaingoja. Nilimdanganya, Munyi, kisha nikaenda kulia jikoni.

Miaka mitatu mtoto amebeba jina la Mama, naye Mama hajawahi kumwona. Picha za simu anasema ni mwangaza tu. Usingoje reli. Panda basi Krismasi hii umlete, hata kwa siku mbili. Usiniambie habari za kazi, hizo nimezisikia miaka yote mitatu.

Shemeji yako Rwamba anawasalimu, naye atawapokea Embu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awashike mkono njia nzima.

Mama amekuja hapa sasa hivi kuuliza naandika nini. Nimempa karatasi. Ameisogeza mpaka ikagusa pua, akaigeuza, akanirudishia, akasema mwandiko wangu siku hizi umekuwa mdogo sana.

Mlete, ndugu yangu.

Dada yako anayekupenda,
Ednah