Wa Mwisho Atalimiwa na Nani

Morogoro, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia tena shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Baridi ya Mlalo miezi hii naijua, na wewe nakujua, utakuwa umekwenda shambani alfajiri ukungu haujaondoka halafu unasingizia moshi wa kuni. Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Miguu ndiyo imechoka, na moyo umechoka kuliko miguu.

Barua hii usimpelekee Mwalimu wenu wa kisomo akusomee. Zile zote za nyuma alikusomea yeye, kwa sauti yake kama ya mimbarini, na majirani wakasikia kwamba Natanieli sasa ni mtu mkubwa. Hii isome mwenyewe. Nimeandika herufi kubwa na kuachanisha maneno kama kwenye kitabu chenu cha kisomo cha watu wazima. Ukichoka pumzika, uendelee kesho. Ila uimalize kabla ya siku ya gulio.

Barua yako niliipata. Chini ya mwandiko wa Mwalimu niliona mistari inayopanda na kushuka kama njia ya kwetu: HII NAANDIKA MIMI MAMA YAKO. MBUZI WA MAMA HOZA ANAUZWA GULIO LIJALO. WANAWAKE WATATIMIA WATANO. Nilifurahi kama mwehu. Niliwaonyesha wapangaji wenzangu, nikamwonyesha hata muuza mkaa, nikiwaambia mama yangu anaandika. Baadaye nikakaa kitandani, nikasoma ulichokiandika. Mama, nililia.

Mbuzi huyo asiuzwe. Hilo ndilo neno lililonifanya nishike kalamu, na mengine yote nayaandika ili ujue kwa nini.

Nilikwambia mimi ni ofisa wa kampuni ya cherehani. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la mtu. Asubuhi Meneja anatupanga mstari, tunaimba, tunapiga makofi, anatuambia tunaujenga ujamaa, mmoja anawainua watano. Halafu tunatoka wawili wawili kwenda milimani, maana watu wa mjini wamekwisha kutuchoka. Mwenzangu anaitwa Saidi, mtu wa Pangani. Tunapokezana kubeba cherehani moja ya kuonyesha watu, nzito kama mawe ya mtoni. Haina sindano. Tumefundishwa kwamba tukiulizwa tuseme sindano imetolewa isichome watoto.

Kijijini tunaanza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akishaandikwa, wengine wanafuata. Na mlangoni, kabla ya kusema lolote, tunaomba maji ya kunywa. Hilo walilipata kwangu, Mama. Siku ya kwanza Meneja aliuliza ni nani anajua namna ya kuingia nyumba ya mtu bila kufukuzwa, nami nikajibu kwa kiherehere changu kwamba kwetu Usambaani mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa shida yake, na aliyekupa maji hana tena uso wa kukufukuza. Alinipigia makofi. Tangu siku ile wote wanaomba maji. Nimekunywa maji ya watu mpaka nikichungulia mtungi naona aibu.

Mtu anatoa kiingilio, anapewa kadi yenye mistari mitano. Akileta watu watano mistari ikajaa, anaambiwa asubiri cherehani yake. Na wale watano kila mmoja naye alete watano. Wewe nilikueleza kwa kulimiana, unakumbuka? Niliandika kwamba ni kama ninyi wanawake wa mtaani mnapoitana na majembe, leo kwa Mama Hoza, kesho kwako, keshokutwa kwa jirani. Mwalimu aliposoma hapo ulisema, "Kumbe ni jambo letu hili," naye akaniandikia jibu lako. Kuanzia hapo hukuuliza tena. Nilijua kwamba ukisikia kulimiana hutauliza tena, na ndiyo maana nililichagua neno hilo.

Sasa nikwambie yaliyonipata mwezi uliopita. Tulipanda Uluguru kutwa nzima, mvua ikatunyeshea, tukafika kwa bibi mmoja aliyekuwa anachambua maharage uani. Aliingia akatuletea maji. Nikaanza wimbo wangu, na kwa kuwa nao wanalimiana, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza vizuri huku mikono ikiendelea na maharage.

"Mjukuu wangu," akasema, "sisi hapa tunaolimiana tuko saba. Akilimiwa huyu, analimiwa yule, mpaka tunarudi kwa wa kwanza. Watu ni wale wale."

"Ndiyo, Bibi. Na hii ni hivyo hivyo."

"Siyo hivyo. Hii yako kila siku inataka watu wapya. Mimi nitafute watano, nao watafute watano. Mlima huu una watu wangapi? Na yule wa mwisho atalimiwa na nani?"

Nilifundishwa majibu ya kila swali, hata la sindano, lakini hilo halikuwemo. Saidi akadakia maneno mengine, bibi akacheka tu, akatufungia maharage kidogo kwenye jani la mgomba tukapike huko tuendako. Hakutoa kiingilio. Angetufukuza ningejisikia nafuu.

Njiani nikamuuliza Saidi, ambaye ana mwaka zaidi yangu kwenye kazi hii, ni watu wangapi amewaona kwa macho yake wamepewa cherehani. Alitua ile aliyokuwa ameibeba, akajifuta jasho.

"Natanieli, kweli hujui au unanitania?"

"Sijui."

"Cherehani ni hii hii moja. Ulidhani ziko wapi nyingine?"

Nikakaa kwenye jiwe. Mama, nisikudanganye tena: sikushangaa kama inavyotakiwa mtu ashangae. Moyoni nilikuwa najua siku nyingi. Anayetaka kula nyama hamuulizi muuzaji ng'ombe alikufa kwa nini.

Na hili sasa lisome taratibu. Kabla ya safari ile kadi yangu ilikuwa na watu wanne, mstari wa tano ulikuwa mtupu, na Meneja alikuwa akinitania mbele ya wenzangu kwamba nimeishiwa na ndugu. Nikaandika jina lako. Kile kiingilio ulichonitumia baada ya kuuza kahawa yako, nilikikabidhi kwa mkono wangu. Wakanipandisha cheo, wakanivika kofia ya mkaguzi, yenye ukingo mgumu na kifungo cha shaba. Ile picha uliyoibandika ukutani nimevaa kofia hiyo. Nilikuuza kwa kofia, Mama.

Kazi nimeiacha. Sasa napakia magunia kwenye mashine ya kusaga, kazi ya kuvunja mgongo lakini gunia halidanganyi mtu. Jumamosi mbili nimepanda tena Uluguru kuwaambia niliowaandika kwamba hakuna kitu. Nyumba ya kwanza walinitukana, ya pili walifunga mlango, ya tatu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kama basi anaweza kuipata hata ile isiyo na sindano. Ya nne sikufika. Nilikaa njiani mpaka jua likashuka, nikarudi mjini. Nitakwenda, lakini siku ile sikuweza.

Siku ya gulio atakuja Saidi huko Mlalo na cherehani yake, kukusanya viingilio na kuandika kadi mpya. Yeye hataki kuacha, anasema ana watoto wanne. Atakuamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi," vizuri kabisa, utadhani ni mtoto wa Vuga. Nilimfundisha mimi jioni moja tukichoma mahindi, nikidhani tunacheza. Ataomba maji. Mpe. Asije akatoka mtu nyumbani kwako na kiu kwa sababu yangu. Lakini akishakunywa mwambie arudi alikotoka, na balozi awe amesimama karibu.

Zile pesa za wanawake wanne waliokwisha kutoa, ulizoniandikia kwamba umezifungia kwenye kopo la majani ya chai, usimpe mtu. Kila mmoja arudishiwe yake. Mama Hoza ni mjane, na mbuzi huyo ndiye ada na ndiye dawa ya nyumba ile, abaki zizini. Kiingilio chako wewe kimekwenda, na sina namna ya kukirudisha upesi. Nitakirudisha kwa magunia, kidogo kidogo.

Najua unalolifikiria sasa. Unafikiria uikunje barua hii uiweke chini ya godoro, uwaambie wenzako kwamba kampuni imefungwa, ili nisiaibike. Usifanye hivyo, nakuomba kwa magoti. Saidi ana ulimi mtamu, na ukiwaambia nusu yeye ataijaza nusu iliyobaki. Ichukue uende nayo kwenye kisomo. Simama mbele ya wenzako, uwasomee wewe, kuanzia shikamoo mpaka mwisho. Neno likikushinda usiliruke, Mwalimu yupo atakusaidia. Barua ya kwanza unayoisoma mbele ya watu ilistahili kuwa ya furaha, na hilo linaniuma kuliko kofia.

Msalimie baba mdogo, mwambie yale makelele aliyonipigia siku naondoka yalikuwa ya haki. Dada Damari mpe pole ya uzazi, mtoto nitamwona. Mchungaji msalimie, na shemeji yetu wa Mlola aliyenikopesha viatu vya safari, mwambie vimekwisha soli lakini viko.

Mvua za vuli zikikaribia nitakuja. Nauli nitakuwa nayo, na nikikosa nitadandia lori la mboga kama hili litakaloibeba barua yangu, maana dereva wake ni mtu wa Lushoto na ameapa atakukabidhi mkononi. Sitakuja na zawadi. Nitakuja na jembe. Nitawalimia ninyi nyote, wewe na hao watano, na nitaanza kwa wa mwisho, shamba la Mama Hoza.

Ukimaliza kusoma, wenzako watauliza ni nani aliyetaka kuwadanganya. Usiseme kampuni, wala usiseme Saidi. Wasomee jina hili hapa chini. Nimeliandika kubwa kuliko yote ili lisikusumbue.

Mwanao,

NATANIELI