Kodi ya Ughaibuni na Kahawa ya Mama

Nyakasimbi, Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye majani ya migomba. Moyo wangu mzito.

Leo wamechuma kahawa yetu, na haikuwa yetu.

Niandike tangu mwanzo, labda nitapumua. Nilikaa karibu mwaka mmoja kwenye chuo kikuu cha ughaibuni nikiwa mtafiti mgeni, nikichunguza mnyauko wa migomba. Kila mwezi walinikata kodi kwenye posho. Nilipokuwa nafunga mizigo, mhasibu wa pale akaniambia mtafiti wa muda mfupi kutoka nchi kama yetu hakupaswa kukatwa. Niombe tu, nitarudishiwa yote. Nikaomba. Siku hiyo hiyo nikampigia mama simu, nimefurahi kama mtoto.

Wakati huo baba alikuwa amelazwa. Mama akauza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, ili alipe hospitali. Mnunuzi, mtu wa Songambele, alikubali jambo moja: tukimrudishia fedha zake na faida kidogo kabla kahawa haijaiva, kahawa inabaki kwetu. Mama hakusita. Binti yake alikuwa na fedha njiani.

Baba hakupona. Tulimzika hapa hapa kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, kando ya mibuni aliyoipanda mwenyewe.

Na kodi? Wamekubali kuirudisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Walitaka kuiingiza kwenye akaunti yangu ya kule, nami nilikuwa nimeifunga kabla ya kuondoka, kwa kuwa nilivyolelewa mimi, mtu haondoki ugenini akiacha mambo nusunusu. Basi wakatuma hundi kwa posta. Benki huku wakaigeuzageuza, wakasema hundi za nje hawapokei. Nikairudisha, nikaomba fedha zitumwe benki kwa benki. Tangu hapo jibu ni moja: subiri.

Jaribu kulieleza hilo hapa kijijini. Baba mdogo alinicheka mbele ya majirani: "Serikali irudishe kodi? Ipi hiyo? Sema umejenga mjini, tukuelewe."

Majirani nao wakacheka. Sikuweza hata kuwalaumu, maana huku kodi ikishakwenda imekwenda. Mama peke yake ndiye aliyenitetea. Alisema mwanawe hasemi uongo, akaingia ndani.

Leo asubuhi wachumaji wa yule mnunuzi wakaja na magunia yao. Mama akaitikia shikamoo zao, akawapikia ndizi na maharage. Kwetu anayeingia kibanjani mwako kufanya kazi hatoki na njaa, hata kama anachobeba kilikuwa chako. Mimi nilijifungia chumbani nikalia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nililia.

Walipoondoka tulikaa jikoni, mama na mimi, tukimenya ndizi za jioni. Hakuniangalia. Akasema taratibu:

"Mwanangu, zile pesa kama ulishazila, niambie tu. Na wewe una maisha yako. Sitamwambia mtu."

Nikamwambia sijazila, mama. Nikatoa simu nimwonyeshe walivyoniandikia. Akasema moshi unamuumiza macho, hawezi kuona vizuri.

"Sawa, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile anayomjibia baba mdogo anapoapa kwamba hajanywa.

Nikaizima simu, nikachukua ndizi nyingine nimenye.

Jumatatu nitawaandikia tena wale watu wa kodi. Fedha zitakuja, hilo naliamini bado, na zikija nitamkabidhi mama zote. Ila nitamwambia nini aamini kwamba zimetoka kule, na si mimi niliyeona aibu nikarudisha nilichokula?