Kisanduku cha Vifuniko Vikubwa

Jumamosi, 3 Mei

Bado niko chini. Wenzangu wako juu kwenye vyuma, mimi naosha ndoo na kuchambua bolti. Mtu mzima! Tangu siku ile kule juu kichwa kilipozunguka nikakumbatia bomba kama mtoto anayejifunza kusimama, foromani hataki hata nisogelee ngazi. Leo kasema tena: presha ishuke, zahanati iandike, ndipo utapanda. Nafasi yetu, mimi na Cheche, anaishikilia hadi Jumatatu ya tarehe 12. Baada ya hapo anaweka watu wengine na sisi wote wawili tunabaki na ndoo.

Cheche ni mchomeleaji. Mimi nafunga bolti, yeye anachoma. Ndiye pia ninayelala naye chumba kimoja. Kwa sasa anapanda na kibarua wa kuazima, na anarudi amenuna kila siku.

Nimepita zahanati baada ya kazi. Presha haijashuka. Muuguzi kauliza, unameza dawa? Nameza. Kila siku? Hapo nikaangalia dari. Kasema nimwoneshe hizo dawa. Nikatoa mfukoni bahasha ya kaki, imelowa jasho, imepasuka, vidonge vimelala pamoja na vumbi la saruji na msumari. Alicheka mpaka akashika meza.

"Baba, hii ni dawa au ni kokoto?"

Kanipa dawa nyingine. Halafu kasema kuna visanduku vya kupangia dawa, kila siku ina chumba chake. Mchana na usiku vimetenganishwa! Sikujua kitu kama hicho kipo duniani. Nimerudi nyumbani natembea haraka kama nimeitiwa sherehe.

Jumapili, 4 Mei

Nimekipata! Nimekipata!

Dada wa duka la dawa alinipangia vyote kwenye kaunta. Cha kwanza cha duara kama saa ya ukutani. Kizuri, lakini mfukoni kinakaa kama chapati ya chuma. Cha pili kidogo, vifuniko kama kucha za paka — nilijaribu kufungua kwa vidole vyangu hivi, nikashindwa. Cha tatu kina kengele. Kengele! Kwenye kelele za mashine za kukata chuma, nani ataisikia? Kuna na vipakiti vya plastiki vya kuchana, kila siku unachana kimoja. Upepo wa kule juu ungevipeleka nchi nyingine.

Kisha akatoa hiki. Visanduku saba vimeshikana kwenye reli moja, kila siku unachomoa chako unatia mfukoni. Kila kimoja vyumba viwili: kimoja kina picha ya jua, kingine mwezi. Vifuniko vikubwa! Nikavaa glavu zangu za kazi, nikajaribu. Kinafunguka. Nikakitikisa sikioni. Nikakidondosha sakafuni.

"Kaka," akasema, "hapa ni dukani, sio uwanja wa mpira."

Nikamwambia dada, kifaa usichokijaribu chini kitakuaibisha juu. Akacheka, akaniacha nikidondoshe tena.

Kanifundisha na jambo la maana. Kile kidonge cha jioni, cha pinki, kisitolewe kwenye karatasi yake ya kung'aa, unyevu unakiharibu. Nikate kwa mkasi, kipande kwa kipande, kiingie chumbani na shuka lake. Cheupe cha asubuhi kinaweza kulala uchi.

Mchana mzima nimekaa kitandani nakata na kupanga. Nilisikia raha kama napanga bolti kwa saizi. Jua, mwezi, jua, mwezi. Nikakiweka katikati ya rafu, pale kila anayeingia atakiona. Cheche kakizunguka mara mbili, kasema sasa tuna gereji ya vidonge.

Nimempigia mama watoto nikamweleza vifuniko vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza: "Baba watoto, hicho ni kisanduku au umeoa mke wa pili?" Kicheko chake! Ningekuwa karibu ningekisikia bila simu.

Jumanne, 6 Mei

Kinafanya kazi. Leo nimekitoa kwenye chakula cha mchana ili wenzangu wakione tu, maana kidonge nilishameza asubuhi. Wameanza kuniita Daktari. Mmoja kaniomba nimpime homa. Kikaniponyoka, kikapitiwa na toroli lenye mchanga. Kifuniko — wala hakikupasuka! Nimekifuta kwa shati, kinang'aa.

Alhamisi, 8 Mei

Jioni nimefungua mwezi wa leo. Mtupu.

Nilijaza mwenyewe, kwa mikono hii. Nikafungua mwezi wa kesho, kidonge kimo. Wa Jumamosi — mtupu! Nikachukua cha akiba, nikameza, nikakaa kuwaza. Panya? Panya gani anafungua kifuniko, anakula, halafu anafunga?

Halafu jambo lingine likaniingia kichwani. Kwenye bahasha nisingejua. Kumbe siku zote zile vidonge vilipoisha mapema nilijilaumu mimi, nikasema kichwa changu kibovu, nimemeza mara mbili, ngoja niruke leo. Kumbe vilikuwa vinatembea! Kisanduku kimenionesha. Kimenionesha kama taa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefagia chumba. Karatasi ya kung'aa, imekunjwa ndogo, ndani ya buti la Cheche.

Sijasema kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesema. Nimesema kwa sauti mpaka jirani kagonga ukuta.

Cheche hakukataa. Kaniangalia kama mimi ndiye mwenye kosa. "Kilikuwa kwenye rafu," kasema. "Si tunagawana vya kwenye rafu?"

Na ni kweli, Mungu wangu. Hiyo ndiyo sheria ya chumba chetu tangu tumehamia. Cha kwenye rafu ni cha wote: sabuni, chumvi, wembe, dawa ya kichwa. Cha mtu peke yake kinakaa chini ya godoro. Na mimi, kwa furaha yangu, nilikiweka katikati ya rafu kama kombe!

Nikamwuliza, na za kwenye bahasha? Nazo kila usiku ulikuwa unaziacha rafuni, kasema.

Lakini Cheche, kwa nini? Nani kakwambia umeze dawa ya presha?

Akakaa chini. Kasema akiwa juu masikio yanalia. Anaona nyota, na sio zile za kuchomelea. Zikizidi, jioni anameza kimoja, asubuhi anajisikia afadhali, au anajiambia hivyo. Zahanati haendi. "Nikienda wananiteremsha. Wewe uko chini, mimi niko chini, nani ataishika ile nafasi yetu?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika mkono. Mwaka mzima mimi nafunga, yeye anachoma, hatua moja kutoka ukingoni, na anaona nyota!

Nikamwambia Jumatatu tunaenda wote. Kasema nimechanganyikiwa, nitaua nafasi kwa mkono wangu. Nikamwambia basi nampigia mkewe. Hapo hapo akasema haya, tutaenda.

Kisanduku nimekihamishia chini ya godoro. Kimelala vibaya, nakisikia mgongoni.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika hapa hapa kwenye benchi la zahanati, kwenye mgongo wa kipande cha boksi.

Imeshuka! Muuguzi kapima, kapima tena, kapiga kofi moja mezani. Kaniandikia. Naruhusiwa kupanda! Karatasi ninayo mfukoni, pamoja na kile kisanduku cha leo, jua limeshamezwa. Foromani ametuma ujumbe, anauliza tuko wapi, vyuma vinasubiri.

Sasa ni zamu ya Cheche. Yuko nyuma ya pazia. Mashine inavuta pumzi, inatoa. Kimya. Muuguzi anamwambia apumzike kidogo wapime mkono wa pili. Inavuta tena. Kimya kirefu zaidi. Naona buti zake tu chini ya pazia, hazitulii.

Simu inatetemeka tena. Foromani. Sijapokea.

Muuguzi anasema kitu polepole, sisikii vizuri, nimesikia tu "leo usipande."

Buti zimetulia.

Halafu sauti ya Cheche, kubwa, kama yuko juu ananiitia bolti:

"Kaka! Kile cha vifuniko vikubwa — dukani wamebakiza cha rangi nyingine? Tusije tukachanganya."