Diski Tatu, Moja Inalala Kaloleni

Jumatatu, 22 Februari 1999
Nimefuta vumbi kwenye kompyuta ya duka letu mara mbili na bado saa nne haijafika. Vumbi jekundu la Voi halina adabu. Mwadime anapiga chapa mtihani wa Kemia, ulimi nje kidogo kama mtoto anayechora. Mume wangu! Wiki ya tano leo na bado nikiandika neno hilo moyo unaruka.

Shule kumi na moja zimetupa kazi ya kupiga chapa mitihani yao ya pamoja ya kidato cha nne. Tukiifikisha Jumatatu ya tarehe 22 Machi, kazi ni yetu mwaka mzima. Tukishindwa, Mwadime atachukua ile kazi ya ukarani aliyopewa Mombasa, nami nibaki hapa kumwona mwisho wa mwezi. Sitaki. Sikuolewa na picha ya ukutani.

Alhamisi, 25 Februari
Diski ngumu, inayotunza kazi zetu zote ndani ya mashine, imeanza kulia. Kra, kra. Disketi tunazo arobaini, lakini leo tatu zimekataa kusomwa, na michoro ya Biolojia haitoshei kwenye moja. Mwadime ameifungua na kuifunga mashine mara tatu tangu mchana.

Jumamosi, 27 Februari
Muuzaji wa kompyuta amekuja kutoka Mombasa na karatasi zenye picha za rangi. Anataka tununue mtambo mrefu kama kabati la vyombo. Diski nne ndani yake, moja ikifa nyingine zinaendelea na kazi. Bei yake ni ng'ombe wote wa baba kule Rukanga pamoja na kengele zao. Mwadime aliutazama ule mtambo kama alivyonitazama mimi siku ya kwanza kwenye kwaya. Nikaona wivu. Wivu wa karatasi!

Nikamwuliza muuzaji, na duka likiungua? Akacheka. "Mama, wewe omba Mungu tu." Nimependa kuitwa mama. Jibu sikulipenda.

Nikamkumbuka mama yangu. Mbegu za mahindi haziweki zote pamoja. Nyingine anazitundika juu ya moshi wa jikoni, nyingine anazipeleka kwa dada yake mlimani. Panya wakimaliza huku, kule zipo.

Jumatano, 3 Machi
Tumegombana. Ugomvi wa kwanza wa ndoa, nauandika ili niukumbuke.

Mtambo wa kabati tumeuacha, hilo tumekubaliana. Yeye anataka diski mbili ndani ya mashine, ya pili inakili ya kwanza kila jioni. Mimi nataka na ya tatu, yenye droo yake ya kuchomoa tukifunga duka, ikalale nyumbani kwetu, mtaa wa Kaloleni hapa Voi. Akasema hiyo ni gharama ya bure, na kubebwabebwa kutaiua. Nikasema nitaibeba mwenyewe.

"Kama yai?"

"Kama mtoto wako."

Akacheka mpaka akakaa chini. Diski tatu! Nampenda hata akishindwa. Hasa akishindwa.

Jumamosi, 6 Machi
Mombasa, kwenda na kurudi. Miguu imevimba. Tumepata diski tatu za mitumba, zimetoka ofisi iliyobadilisha mashine zake. Fundi anayeziuza alitaka tulipe tuondoke. Nikakataa. Nikakaa dukani mwake saa mbili, kila diski ikijazwa na kusomwa, mimi nimetega sikio. Moja ililia kama yetu. Nikairudisha, akatoa nyingine. Kisha nikamwandikisha karatasi kwamba ikifa ndani ya mwezi atabadilisha. "Bwana, huyu umemtoa wapi?" fundi akamwuliza Mwadime. Mwadime akajibu, "Rukanga," kwa sauti ya mtu anayetaja London.

Jumatano, 10 Machi
Kila jioni nachomoa droo, naizungushia leso, naenda nayo nyumbani. Bi Rukia wa duka la vitambaa, jirani yetu, leo ameshindwa kuvumilia.

"We bi harusi, kila siku wanificha nini humo? Nyama?"

"Mapenzi, Bi Rukia."

"Hayo hayafungwi kwa leso, mwanangu. Yatamwagika njiani!"

Mitihani ya shule kumi na moja ilikuwa kwapani kwangu. Nilitembea kama malkia.

Alhamisi, 18 Machi
Radi alfajiri. Imepiga nguzo ya stima karibu na duka. Hatukuwa tumechomoa waya wa mashine ukutani. Kosa letu sote wawili.

Tumefungua mlango, harufu ya kuungua. Mashine imekufa. Diski zote mbili za ndani zimekufa. Mwadime amekaa kwenye kiti cha wateja.

Ya tatu iko nyumbani, chini ya mto wangu. Siku nne zimebaki. Naogopa.

Ijumaa, 19 Machi
Parokia wametuazima kompyuta ya ofisini kwao. Mwadime aliifungua kwa bisibisi, akaitia diski yetu ya tatu. Mimi nilishika tochi. Katekista alishika rozari.

Ikawaka. Ikanguruma. Kisha majina yakaanza kushuka kwenye kioo: Kemia, Biolojia, Hesabu, Jiografia. Yote! Hadi neno la mwisho la Jumatano jioni!

Mwadime alinibusu mbele ya katekista. Katekista aligeukia dirisha, akasema mvua ni nyingi mwaka huu. Nilipiga kigelegele ndani ya ofisi ya kanisa. Sijuti.

Jumatatu, 22 Machi
Tumefikisha. Maboksi kumi na moja, asubuhi, kabla ya kengele ya mapumziko. Printa yetu ilipona, ilikuwa imechomolewa. Mwalimu Mghanga, mwenyekiti wa walimu wakuu, alikwisha kusikia habari za radi, na alikuja na uso wa msiba. Alipoyaona maboksi akavua miwani.

Mwadime akasema mbele ya walimu wakuu wote, "Ni mke wangu. Mimi nilibisha."

"Basi mwandike kazi leo," akasema Mwalimu, "kabla hatujamchukua sisi."

Kazi ni yetu mwaka mzima. Nimeshinda radi, jamani. Mimi, wa diski za mitumba.

Jumapili, 28 Machi
Jumapili ya Matawi. Barua ya kukataa kazi ya Mombasa ilikwenda posta jana. Hatujaizungumzia tena.

Mvua ndogo juu ya mabati. Mbaazi ziko jikoni, hazina haraka. Mwadime amelala mkekani karibu na mlango, mdomo wazi, wino kwenye kidole gumba. Mvua imeanza kuingia kidogo.

Nimemfunika miguu.