Unga wa Uvunguni

Wifi yangu,

Sisi hatujambo. Kaka yako kikohozi kimepungua, na paka amezaa kwenye kapu la nguo. Maduka bado yamefungwa tangu vurugu zianze, lakini jikoni kwangu moshi haukatiki.

Nimesikia unga umekuishia. Pole. Nakumbuka sherehe ya binti yangu, ulipofunua shuka la kitanda changu ukawaonyesha wageni magunia yangu ya akiba uvunguni: "Njooni mwone, kaka yangu ameoa panya!" Walicheka mpaka machozi, nami nikawamiminia chai.

Unga wako upo, wifi. Nimeusukuma uvunguni mpaka ukutani. Njoo Jumapili, upige magoti, uingie mwenyewe kuutoa. Wageni wale wale nimeshawaalika, waje wacheke tena.

Wako,
Panya